Simu yasoma laini, mtandao hakuna: ni serikali, ni fundi au ni chumvi ya bahari?

#1 DafuBaridi
Salaam wadau. Nisaidieni kabla sijarudi dukani.

Simu ni ya mtumba kutoka Dubai, ya laini mbili, imenunuliwa Mwembe Tayari, haina boksi. Wiki tatu imefanya kazi vyema. Tangu Jumanne sloti ya kwanza imekwama kwenye "simu za dharura pekee". Ikiwashwa, jina la kampuni latokea sekunde mbili tatu, kisha latoweka. Laini hiyohiyo ikitiwa kwenye mulika mwizi yapiga, yapokea, na pesa zaenda. Wi-Fi haina neno.

Muuzaji asema: "KRA wamezima zote za Dubai, si mimi." (KRA, yaani mamlaka ya ushuru ya Kenya.) Ni kweli? Na kama si kweli, ni nini kimeikata?

#2 PwezaNchiKavu
Ni KRA. Tangu Januari 2025 simu isiyolipiwa ushuru haishiki mnara. Hongera ami, umenunua saa ya ukutani yenye WhatsApp.

#3 WakiliPembeni
Pweza, hapo umetia chumvi. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa tangazo tarehe 24 Oktoba 2024, KRA wakafuata na lao tarehe 5 Novemba. Kuanzia 1 Januari 2025 waagizaji na waunganishaji walitakiwa waandikishe IMEI (namba ya utambulisho wa kila simu) za simu zao KRA, wauzaji wauze zilizolipiwa ushuru tu, na kampuni za simu zisiunganishe kifaa kabla ya kukihakiki. Simu zilizokuwa hewani kufikia 31 Oktoba 2024 hazikuhusika.

Katiba Institute, shirika la kutetea Katiba, wakaenda kortini. Julai 2025 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akatamka kwamba matangazo yote mawili yamekiuka Katiba na hayana nguvu. Haki ya faragha ndiyo iliyobeba kesi.

Kwa hivyo muuzaji anayesema "KRA wamezima" anatumia tangazo lililokufa kama ngao. Lakini tusichanganye: kilichotenguliwa ni utaratibu wa kukusanya IMEI. Ushuru wenyewe uko palepale.

#4 ForodhaKilindini
Naongezea alipoachia Wakili. Simu inayoagizwa hulipiwa ushuru wa bidhaa asilimia 10 (huo ulianza 2022) na VAT asilimia 16. Watu hujumlisha wakasema 26. Sivyo. VAT hupigwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru. Simu ya thamani ya 10,000: ushuru wa bidhaa 1,000, sasa ni 11,000, VAT ya 11,000 ni 1,760, jumla 12,760. Na hapo sijagusa ushuru wa forodha wala ada ndogondogo za kuingiza mzigo. Ndiyo sababu simu inayouzwa nusu ya bei ya madukani yataka kuulizwa maswali mawili zaidi.

Anayeingia na simu yake mfukoni ni jambo jingine kabisa. Tangazo lile la KRA lilimtaka msafiri aitaje kwenye fomu ya F88, basi. Wanaokamatwa pale uwanja wa ndege wa Moi ni wa simu arobaini ndani ya soksi.

Swali kwa Dafu: ulipewa risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA? Ina msimbo wa QR na PIN ya muuzaji. Uchanganue. Usipofungua kitu, hiyo ni karatasi ya kufungia kashata.

#5 DafuBaridi
Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono. Imeandikwa "simu 1". Hata modeli haipo.

#6 PwezaNchiKavu
"Simu 1" 😂 Afadhali kashata.

#7 FundiMakadara
Tuache korti, tupime simu.

Piga *#06#. Ya laini mbili itatoa IMEI mbili, kila moja tarakimu 15. Linganisha na zilizoandikwa kwenye mwili wa simu: mgongoni, chini ya betri kwa zinazofunguka, au kwenye kitrei cha laini. Zote mbili, si moja.

Kisha zisome. Tarakimu 8 za mwanzo hutambulisha modeli, 6 zinazofuata ni za kifaa chenyewe, ya 15 ni ya ukaguzi. Ukitia zile 8 kwenye tovuti ya kutambua modeli ukaambiwa ni kabambe ya vitufe, na wewe umeshika simu ya kioo cha inchi sita, hakuna haja ya kuendelea: imechezewa.

Ya ukaguzi mtu aihesabu kwa penseli. Chukua namba ya mfano inayotumika kufundishia, 490154203237518. Shika 14 za kwanza. Ya 2, ya 4, ya 6, hivyo hadi ya 14, zidisha mara mbili. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe. 9 huwa 18, yaani 9. 7 huwa 14, yaani 5. Jumlisha zote 14, zilizozidishwa na zisizozidishwa. Yatoka 52. Kumi inayofuata ni 60, pengo ni 8, na tarakimu ya mwisho ni 8. Imepita.

Isipopita, aliyeiandika alibuni kwa kichwa. Ikipita, bado si cheti. Mwenye kujua kuiba anajua na kuzidisha.

Na jamani, msitundike IMEI zenu hapa. Namba safi ndizo zinazotafutwa za kupachikwa kwenye simu chafu.

#8 BintiKisauni
Hayo ya Fundi ni sawa, lakini kuna njia ya haraka zaidi. Mtandao ukiikataa simu hutaja sababu, na sababu ina nambari. Android nyingi huionyesha kwenye skrini kwa muda mfupi:

MM#2: mtandao hauijui laini. Haijawashwa au imeshafutwa.
MM#3: laini imekataliwa. Mfano, kadi ya zamani baada ya namba kuhamishiwa kadi mpya.
MM#6: laini haina kosa, *simu* ndiyo iliyokataliwa.

Kaka Dafu, weka hali ya ndege sekunde 30, itoe, kisha tazama skrini bila kupepesa. Halafu hamisha laini hiyohiyo kwenye sloti ya pili. Kila sloti ina IMEI yake, na kufungiwa huenda kwa IMEI. Sloti 1 ikikataa na 2 ikakubali, ushapata pa kuanzia. Mwisho tia laini ya kampuni nyingine kwenye sloti 1. Kila kampuni ina daftari lake la IMEI lenye kurasa tatu: nyeupe, nyeusi, na kijivu ya wanaochunguzwa. Yaweza kuwa nyeusi kwa mmoja na nyeupe kwa jirani.

#9 KobeLaLikoni
Mwaenda mbali. Mombasa hii simu zafa kwa chumvi. Upepo wa bahari, jasho, mfuko wa kanzu. Pini za kusomea laini huota ukungu wa kijani, laini yasomwa nusunusu. Toa kitrei, chovya mswaki laini kwenye spiriti ya asilimia 99 (ile ya 70 ina maji mengi), sugua pini kwa upole, subiri dakika 15, rudisha. Msitumie sindano, mtakunja pini, na pini iliyokunjwa hainyooki tena.

#10 FundiMakadara
Kobe, ushauri wa spiriti uko sawa, mgonjwa siye. Pini zikiwa chafu simu husema "hakuna laini". Yake yasoma laini na jina la kampuni latokea. Kadi inasomwa.

#11 KobeLaLikoni
Husomwa, ikipata joto ikaachia. Chumvi haina adabu hiyo ya kungoja ujumbe wa kosa.

#12 Mkunguni
Hakuna aliyetaja simu za mkopo. Nyingi zinazouzwa mkono wa pili ni za kulipa kidogokidogo kwa siku, mwenyewe akashindwa, akauza. Ndani mna programu ya kampuni iliyoketi kama msimamizi wa kifaa. Deni likichelewa, yafunga.

Pa kutazama: Mipangilio, Usalama, Programu za usimamizi wa kifaa. Ukikuta jina usilolijua na kitufe cha kuzima hakibonyezeki, umenunua deni la mtu.

#13 BintiKisauni
Kweli, ila dalili haifanani. Ya mkopo hufunga *skrini* na kukuandikia kiasi cha kulipa. Haikati mtandao, kwa sababu yahitaji mtandao ndipo ijue umelipa.

#14 Mkunguni
Dada, sikiza mpaka mwisho. Kabla ya kuuzwa hupitia kwa fundi wa kuitoa hiyo programu. Anaiflashi, yaani anaiandika upya programu yake, na faili la modeli inayokaribiana, anafuta sehemu inayotunza IMEI na vipimo vya redio. Kwenye zenye chipu ya MediaTek dalili haifichiki: fungua orodha ya Wi-Fi, utaona mtandao unaoitwa "NVRAM WARNING: Err = 0x10". Si jirani huyo, ni simu yako yalia. Hapo *#06# hutoa sifuri au haitoi kitu, na fundi hupachika IMEI yoyote ili mteja aondoke. Inafanya kazi mpaka mwenye IMEI halisi, popote alipo, aripoti wizi.

Wiki tatu ndio hizo.

#15 FundiMakadara
"Fundi wa kuitoa." Si mafundi wote, tafadhali.

#16 WakiliPembeni
Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya haimtaji fundi mzuri wala mbaya. Yakataza mtu asiye mtengenezaji wala wakala wake kubadilisha utambulisho wa simu kwa kujua, na kushika vifaa vya kufanyia hivyo kwa nia hiyo ni kosa jingine. Kwa hivyo kijana mwenye kompyuta na boksi la kuflashia asiseme "mimi naandika tu".

Na mnunuzi naye: kupokea mali ya wizi ni kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake hadi miaka 14. Yategemea ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua. Bei ya nusu, bila boksi, risiti ya "simu 1"... kila moja peke yake si kitu. Zikipangwa mbele ya hakimu, ni shahidi watatu.

#17 FundiMakadara
Nikuulize Wakili. Simu imeingia maji, kumbukumbu ya IMEI imefutika, boksi ipo, risiti ipo. Kurudisha namba *ileile* iliyokuwa nayo ni kubadilisha?

#18 WakiliPembeni
Ningetetea kwamba si kubadilisha, namba haikugeuka. Mwendesha mashtaka atasema uliingilia kisichokuhusu. Peleka kwa wakala wa mtengenezaji, akupe karatasi ya kazi iliyofanywa. Nafuu siku mbili za kungoja.

#19 FundiMakadara
Wakala yuko Nairobi, na mteja ataka simu leo. Lakini nimekusikia.

#20 TangaRaha
Huku kwetu Tanzania TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia Juni 2016. Ukitaka kujua kabla ya kununua, unapata IMEI kwa *#06#, unaituma kwenda 15090, jibu linakuja na aina ya simu. Nyie hamna?

#21 MzeeKabambe
Mwanangu, sisi tulitangulia. Usiku wa 30 Septemba 2012 simu bandia zilizimwa Kenya nzima, zaidi ya milioni moja. Namba ya kutuma IMEI ilikuwa 1555. Mwaka ule watu walirudi kwa kabambe wakitii. Kisha wakaja na mtambo mwingine wa kusimamia vifaa, korti ikaukataa 2018, ukafa.

#22 WakiliPembeni
Mzee wangu, haukufa. 2018 ni Mahakama Kuu, kwa hofu kwamba mtambo ungesikiliza mazungumzo. 2020 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Na ule wa 2012 haukuwa mtambo huo, ni kampuni zenyewe zilizofunga IMEI zisizo halali kwa amri ya Tume ya Mawasiliano.

#23 MzeeKabambe
Shukrani kwa kunirekebisha. Kabambe yangu bado yashika lakini.

#24 DafuBaridi
Haya, nimefanya yote. Matokeo:

1. *#06# yatoa mbili. Nimehesabu kwa penseli, zote zimepita. Modeli ni sahihi kwa zote.
2. Kwenye kitrei imeandikwa IMEI moja. *Hailingani* na yoyote ya skrini.
3. MM#6 nimeiona mara moja tu, jana usiku. Leo nimejaribu mara nane, haikutokea tena. Yakaa tu "dharura".
4. Laini hiyohiyo sloti ya 2: yashika. Alama juu ni E (ya 2G).
5. Laini ya kampuni nyingine sloti ya 1: dharura.
6. Nikilazimisha 2G pekee sloti ya 1, yashika kama dakika kumi, kisha hukatika au hukaa, haina mpango.
7. Hakuna programu ya mkopo. Hakuna NVRAM.

#25 PwezaNchiKavu
Simu yako ina majini.

#26 BintiKisauni
MM#6 imeonekana, kitrei hakilingani, sloti ya pili yakubali. IMEI ya kwanza imefungiwa. Nimemaliza.

#27 FundiMakadara
Hujamaliza. Kampuni ya pili nayo imekataa sloti 1, na wewe ulisema madaftari ni tofauti. Sasa zimekubaliana lini?

Tazama la 6. Ingekuwa imefungiwa, 2G nayo ingekataa, maana IMEI haibadiliki ukishuka kutoka 4G. Hii ni redio. Kipaza nguvu cha kurushia 4G kimekufa, cha 2G ki hai. Simu *yasikia* mnara (ndiyo jina latokea sekunde mbili) lakini haina sauti ya kujibu. Yajaribu mara tano, yashindwa, kisha kwa kawaida hungoja dakika 12 kabla ya kurudia. Na sloti ya pili ni E tu, kwa sababu simu nyingi za aina hiyo sloti ya pili ni ya 2G pekee. Kila kitu kimekaa mahali pake.

#28 BintiKisauni
Isipokuwa MM#6. Kipaza nguvu kilichokufa hakiwezi kukuletea jibu la kukataliwa. Ili ukataliwe lazima uwe umesikika.

Na si lazima mtandao ukague IMEI kila simu inapojiunga. Ni mpangilio wa kampuni: wengine kila mara, wengine kwa nasibu. 2G ikipita dakika kumi haina maana imesamehewa.

#29 FundiMakadara
Ilisikika kwa 2G. Ikakataliwa *huko*, mara moja.

#30 BintiKisauni
Basi wakubali kwamba imekataliwa!

#31 FundiMakadara
Nakubali mara moja kati ya tisa 😂

#32 Mkunguni
Na kitrei? Hakuna anayekizungumzia. Mnaona namba tofauti mwasema imechezewa. Yaweza kuwa ubao mama umebadilishwa. Simu mbili zilizovunjika, moja kioo, moja ubao, zikaunganishwa Dubai ikawa moja. Kitrei ni cha maiti ya kwanza, IMEI za skrini ni za ubao wa pili, zote halali. Ndiyo sababu hesabu imepita na modeli ni sawa. Na ubao wa kuchomoa hubeba ufa wa risasi ya kulehemu chini ya chipu ya redio, ukipata joto waachia. Hapo Fundi na Kobe wote wamepata haki yao.

#33 KobeLaLikoni
Nilisema joto.

#34 FundiMakadara
Mkunguni, hiyo naweza kuila. Kupima: simu ikiwa baridi kabisa, iwashe alfajiri, hesabu dakika mpaka ikatike. Kisha ichaji huku ukitazama video nusu saa, izime, iwashe, hesabu tena. Muda ukipungua sana ikiwa moto, ni risasi. Ukibaki sawa, Binti ameshinda. Usiitie friji, tafadhali; unyevu utaganda ndani, na hapo Kobe atashinda kwa njia mbaya.

#35 Sahani_ya_Mbaazi
Samahani kuingilia. Nyumba iko Mji wa Kale, kuta za matumbawe, nene kama mkono mzima. Ndani mtandao ni nukta moja. Kuna mtu auza kifaa cha kuongeza nguvu mtandao na antena ya darini, asema chafanya kazi na kampuni zote. Ni halali?

#36 BintiKisauni
Kifaa kinachorusha masafa ya kampuni za simu chahitaji idhini ya Mamlaka na ridhaa ya kampuni mwenye masafa. Cha dukani "kwa kampuni zote" hakina hata kimoja.

Tatizo si karatasi pekee. Antena ya darini na ya ndani zikikaribiana, ya nje husikia ya ndani, kifaa huanza kujijibu, kama maikrofoni ya msikitini ikielekezwa kwenye spika. Ukuta kati ya antena mbili lazima upunguze mawimbi zaidi ya kiasi kifaa kinachoongeza, na ubakishe kama desibeli 15 za usalama. Kikiongeza 70, utengano uwe 85. Kwa nyumba ya ghorofa mbili hupati. Kitakachotokea ni kelele kwa mnara, na majirani wa mitaa mitatu hawatasikika. Mafundi wa kampuni huja na antena ya kunusa, na hukifikia mpaka mlangoni.

Vuta intaneti ya waya, upige kwa programu. Au kaa barazani, ndiko mtandao uliko tangu zamani.

#37 PwezaNchiKavu
Barazani na ndiko habari zote ziliko. Sasa kwa vile tuko kwenye sheria, kupiga simu ukiendesha pale daraja la Nyali ni ngapi?

#38 WakiliPembeni
Kwenye orodha ya faini za papo hapo ya 2016, kutumia simu gari likiwa mwendoni ni 2,000. Kwenye foleni tafsiri ina ubishi, mimi nisingejaribu.

#39 ForodhaKilindini
Na wasafiri: pawabanki haipakiwi kwenye sanduku la chini, yaingia nawe. Kikomo bila kuomba ruhusa ni 100 Wh. Hesabu: mAh gawanya kwa 1,000, zidisha 3.7. Ya 20,000 ni 74, yapita. Ya 30,000 ni 111, yataka idhini ya shirika la ndege. Isiyoandikwa kipimo huachwa kwenye ndoo ya ukaguzi, na ndoo ile haifungwi kwa upendo.

#40 DafuBaridi
Wadau, turudini. Dukani nikienda niseme nini? Na nikitaka nyingine nifanyeje nisirudi hapa?

#41 WakiliPembeni
Nenda na *matokeo*, usiende na hasira. Andika karatasi moja: IMEI za skrini, IMEI ya kitrei, tarehe ya kununua, siku ilipokatika. Mwambie achague: arudishe pesa au aonyeshe aliinunua kwa nani. Akikataa vyote, kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe kwenye OB, daftari la matukio la polisi, kabla mtu mwingine hajaja kuiripoti kama yake. Simu uliyoripoti mwenyewe na simu uliyokutwa nayo ni kesi mbili tofauti. Usimuuzie mtu mwingine, hata kwa vipuri.

#42 FundiMakadara
Ya kununua tena. Simama hapohapo kaunta na laini yako. Tia sloti 1, piga, pokea, washa data, ngoja dakika 15, si mbili. Hamishia sloti 2, rudia. *#06# dhidi ya mwili dhidi ya boksi, namba tatu zifanane. Hakikisha akaunti ya Google ya mwenyewe imetolewa *kutoka ndani ya Mipangilio*, kisha ndipo ifutwe yote. Ikifutwa kwa vitufe vya pembeni, itakuomba nywila yake ukifika nyumbani, naye hashiki tena simu yako. Kwa iPhone: Mipangilio, Jumla, Kuhusu, soma mstari wa kifungo cha mtandao, useme hakuna kizuizi. Na uchomoe kitrei, uangalie chini ya laini hakuna kichipu chembamba kama karatasi. Hicho hudanganya kifungo cha kampuni ya ng'ambo, na siku moja huacha kudanganya.

#43 ForodhaKilindini
Risiti iwe na modeli na IMEI zote mbili. Akisema "mtandao wa eTIMS uko chini", rudi ukiwa juu.

#44 BintiKisauni
Kwa anayemuuzia rafiki: makubaliano ya nusu ukurasa, IMEI, tarehe, sahihi mbili, namba za vitambulisho. *Namba*, si nakala ya kitambulisho. Nakala zikizagaa, laini hufunguliwa kwa jina lako. Piga *106# mara moja moja uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua, iripoti siku hiyohiyo.

Na tieni PIN kwenye laini yenyewe, si kwenye skrini pekee. Mwizi huchomoa laini, akaitia kwenye simu yake, akangoja namba za siri za benki. PIN ikikosewa mara tatu yataka PUK, namba ya kuifungulia, ya tarakimu 8, na PUK ikikosewa mara kumi kadi hufa. Kwa hivyo kihifadhini kile kipande cha plastiki kilichokuja na laini.

#45 TangaRaha
*106# hata huku ndiyo hiyohiyo. Angalau hapo hatubishani.

#46 DafuBaridi
Nimepima joto kama alivyosema Fundi, nimelazimisha 2G. Baridi alfajiri: dakika 11. Moto baada ya video: dakika 9. Mara ya pili moto: 14.

#47 FundiMakadara
Hapana, hiyo haisemi kitu. 14 yatoka wapi?

#48 BintiKisauni
Kwa nasibu, nilisema. Mtandao wakagua unapotaka.

#49 Mkunguni
Au video haikuitia joto la kutosha. Ulikuwa chini ya feni?

#50 DafuBaridi
Feni ilikuwa imewashwa, ndiyo.

#51 KobeLaLikoni
Upepo wa wapi? Wa baharini?

#52 FundiMakadara
Kobe, lala. Dafu, rudia bila feni. MM#6 ikitokea tena hata mara moja, piga picha ya skrini uitundike hapa, nami nitamnunulia Binti madafu mawili pale Mama Ngina. Isipotokea, yeye aninunulie mimi.

#53 BintiKisauni
Na uifiche IMEI kabla ya kutundika. Mimi nataka ya nyama laini, si ya kukwangua.